Konveta mpya kwenye kempa ya zamani: fuata nyaya kwanza, kununua baadaye

#1 Mkaa Njiani

Wakuu, salaam kwenu.

Tangu wenzetu wengi huku Marekani waanze kununua kempa za mtumba, yale matrela ya kulala, swali moja linanirudia kila msimu wa joto ukikaribia: "Taa zinafifia, betri haijai, na nikichomeka umeme kuna kitu kinanguruma chini ya kitanda. Ninunue konveta gani?" Nimeona niandike uzi mmoja unaoeleweka, kwa sababu jibu la "nunua ya ampea 55, funga, maisha yaendelee" linaharibu vitu vya watu, na siku mbaya linaweza kuua mtu.

Kwa wageni wa jambo hili, kempa ya Kimarekani ina umeme wa aina mbili. Upo wa volti 120 unaoingia kwa kebo nene kutoka kwenye nguzo ya kambi. Huo unaendesha kiyoyozi, maikrowevu na soketi. Upo wa volti 12 wa betri, wa taa, pampu ya maji, feni ya hita na bodi ya friji. Konveta inashusha 120 kuwa 12, inalisha taa na kuchaji betri kwa wakati mmoja. Inveta inafanya kinyume, inapandisha 12 ya betri kuwa 120. Dukani zimepangwa rafu moja na majina yanakaribiana, kwa hiyo soma vizuri kabla hujalipa.

Sasa tuje kwenye kiini. Konveta nyingi za kempa za zamani, hasa za miaka ya 1970 na 1980, zimejengwa kwa transfoma kubwa ya chuma. Ndiyo hiyo inayonguruma. Nyingi zina njia mbili za kutolea umeme. Moja ni nene, ya taa na mota ndogo ndogo, na umeme wake haujachujwa vizuri. Nyingine ni ya kuchaji betri, mara nyingi ya ampea chache tu. Katikati kuna relei, yaani swichi inayojigeuza yenyewe kwa umeme. Ukichomeka umeme wa kambi, relei inavuta, inazitoa taa kwenye betri na kuziweka kwenye transfoma. Ukichomoa, inaachia na taa zinarudi kwenye betri.

Konveta ya kisasa haina mpango huo. Ina chanya moja na hasi moja, basi. Betri, taa na konveta vinakaa pamoja muda wote. Mtu anang'oa ya zamani, anakuta nyaya mbili za chanya, anafunga moja kwenye konveta mpya na kuizungushia tepu ile nyingine kwa sababu haioni pa kwenda. Matokeo yake ni ama taa zinawaka vizuri huku betri haipati chaji hata kidogo, ama betri inajaa na taa hazina kitu. Nyaya hizo mbili zinatakiwa ziungane mahali pamoja, na ile inayokwenda kwenye betri iwe na fyuzi yake karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 45 hivi kutoka kwenye terminali. Fyuzi hiyo inalinda waya. Waya mrefu usio na fyuzi ukikwaruzwa na chasisi njiani, betri itamwaga mamia ya ampea pale pale, na trela ni mbao kavu na gundi.

Kuzitambua nyaya ni rahisi ukiwa na maltimita, kile kipima umeme cha mkononi. Chomoa kebo ya kambi, zima jenereta, tenga sola kama ipo, fungua hasi ya betri kwanza. Pima uhakikishe hakuna umeme popote. Kuzima breka peke yake hakutoshi. Zitoe nyaya za 12 kwenye konveta ya zamani, zitenganishe zisigusane, bandika lebo, piga picha. Halafu rudisha betri peke yake. Waya utakaosoma volti 12 na ushee ndio wa betri. Chukua kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 10, unganisha huo wa betri na ule mwingine wa chanya. Taa zikiwaka, umepata njia ya taa. Toa betri tena ndipo ufunge vya kudumu.

Rangi zitakudanganya, na hapa naomba msome polepole. Upande wa 120, mweusi ni laivu (unaoleta umeme), mweupe ni nyutro (unaourudisha), kijani au waya mtupu ni ethi (wa usalama). Upande wa 12 wa trela nyingi za hapa, mweupe ni hasi, na mweusi au mwekundu ni chanya. Pande zote mbili zinaingia kwenye boksi moja! Mweusi mmoja ni wa betri, mweusi jirani yake unaua. Kwa kawaida nyaya za 120 zinakuja ndani ya kebo bapa zikiwa shaba ya uzi mmoja mgumu, na za 12 ni za nyuzi nyingi laini, lakini mwenye trela aliyekutangulia huenda alitumia chochote alichokikuta gereji. Pima kila waya. Mweupe wa 12 usiufunge kamwe kwenye reli (kile kipande cha chuma chenye skrubu za kukusanya nyaya) ya weupe wa 120.

La mwisho kwenye bandiko hili ni unene wa waya. Huku nyaya zinaitwa kwa namba, na namba ndogo ndiyo nene. Trela nyingi za zamani zina waya namba 10 kati ya konveta na betri, kwa sababu konveta ya enzi hizo ilichaji kidogo kidogo. Tuseme betri iko mbele kwenye ulimi wa trela na konveta iko mita 5 nyuma yake. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10 za waya. Ukipitisha ampea 45 kwenye namba 10 unapoteza karibu volti 1.5 njiani. Kwenye namba 6 unapoteza kama 0.6. Kwenye namba 4, chini ya 0.4. Konveta ikitoa 14.4 na betri ikapokea 12.9, umenunua chaja ya ampea 55 inayofanya kazi kama ya 15. Tena waya namba 10 haupaswi kubebeshwa mzigo huo hata kidogo, unachemka. Ndiyo maana nasema fuata nyaya kwanza. Ukishajua umbali na unene, ndipo utajua konveta ya kununua na hela ya waya itakuwa kiasi gani.

Karibuni kwa maswali.

---

#2 Nesi wa Mikataba

Kaka Mkaa Njiani, ubarikiwe. Mimi ni nesi wa mikataba, hospitali moja miezi mitatu, nyingine miezi mitatu, na nimechoka kulipia vyumba. Nimenunua trela ya 1991. Itakuwa imechomekwa kwenye nguzo muda wote, usiku na mchana. Je, bado nahitaji hiyo konveta mpya, au kwa kuwa umeme upo muda wote ya zamani inatosha? Na nikiitoa betri kabisa kuna ubaya?

---

#3 Mkaa Njiani

Dada, wewe ndiye unayeihitaji kuliko wote humu.

Anayesafiri wikiendi mbili kwa mwaka, konveta ya zamani haimuui. Anayekaa kwenye nguzo miezi, ile ya zamani inaipa betri volti zile zile, mfano 13.8, saa 24 bila kupumzika. Betri ya maji inachemka polepole, maji yanakwisha, sahani zinabaki wazi, betri inakufa. Za kisasa zinabadilisha volti kwa hatua. Progressive Dynamics, kwa mfano, wanatoa 14.4 betri ikiwa chini, 13.6 kwa matumizi ya kawaida, na 13.2 trela ikikaa bila kazi. Hapo kwenye 13.2, kila baada ya saa 21 inapanda tena hadi 14.4 kwa dakika 15 ili kuchanganya tindikali. Hata hivyo fungua vifuniko mara kwa mara uangalie, na uongeze maji ya betri yaliyotoneshwa tu, si ya bomba.

Kutoa betri: usiitoe. Konveta mpya ina uwezo wa kulisha taa bila betri, lakini trela yako ina breki za umeme na ile swichi yenye kamba ya chuma inayofungwa kwenye gari la kuvuta. Trela ikichomoka barabarani, kamba inavuta pini na betri ya trela ndiyo inayoshika breki. Bila betri, trela inakwenda inakotaka na watu wako mbele yake.

Halafu kabla hujalala humo hata usiku mmoja, nunua kile kipima soketi kidogo chenye taa tatu na ukichomeke kwenye soketi ya ndani. Kitakuonyesha kama laivu na nyutro zimebadilishana au kama ethi haipo.

---

#4 Bosi Lori

Mkuu, heshima. Mimi niko barabarani muda mwingi, familia ndiyo inaitumia kempa. Fundi mmoja wa majumbani alikuja kuniwekea soketi ya trela ya ampea 30 nje ya nyumba, akasema plagi kubwa ya pini tatu ni ya volti 240 kama ya mashine ya kukaushia nguo. Nilimwambia asubiri. Nilifanya sawa?

---

#5 Mkaa Njiani

Ulifanya sawa kabisa, na naomba kila mtu humu alikariri hili.

Plagi ya kempa ya ampea 30, ile inayoitwa TT-30, ni ya volti 120. Ina laivu moja, nyutro moja, ethi moja. Kwa macho inafanana na soketi za zamani za 240 za mashine za kukaushia, na mafundi wazuri wa majumbani wameikosea mara nyingi. Trela ikipewa 240, konveta, maikrowevu na kila kilichochomekwa vinaungua ndani ya sekunde chache. Breka ya nguzo iwe ya ampea 30 ya pole moja, yaani inayokata laivu moja tu. Soketi ya ampea 50 ni habari tofauti, yenyewe ina laivu mbili na pini nne.

Na jambo la pili ambalo fundi wa majumbani anaweza kulikosea: ndani ya bodi ya kempa, yaani boksi la breka na fyuzi, nyutro na ethi hazikutani. Nyumbani zinaunganishwa kwenye bodi kuu, na kwa kempa muungano huo unafanyika huko huko nje, si ndani ya trela. Akikuunganishia ndani, umeme unaorudi utapita pia kwenye chasisi. Siku nyutro na ethi zikikatika nje, bati lote la trela linakuwa na umeme. Mtoto anasimama peku kwenye nyasi mbichi, anashika mpini wa mlango. Kwa hiyo ukifungua bodi, angalia reli ya weupe na reli ya kijani zimetengana, na kwamba kuna waya mnene wa shaba, namba 8 angalau, unaofunga bodi kwenye chasisi. Konveta yenyewe nayo ina skrubu ya kuifunga kwenye chasisi. Usiiache wazi.

Sheria za umeme za Marekani zina sura nzima ya magari haya, Kifungu cha 551. Fundi wako mpe asome kabla hajashika bisibisi.

---

#6 Mzee wa Waya

Natofautiana kidogo na mleta uzi, kwa heshima. Watu hawana pesa za kubadilisha kila kitu. Konveta ya zamani iachwe iendelee na taa, maana transfoma ile haifi. Mtu anunue chaja ndogo ya betri ya kisasa, ya ampea 10 au 15, aifunge moja kwa moja kwenye betri, na ule waya wa kuchaji wa konveta ya zamani autenganishe. Relei ipo, taa na betri hazikutani. Gharama ni ndogo na hakuna kupitisha nyaya nene upya.

---

#7 Mkaa Njiani

Mzee wangu, hoja yako ina uzito na kwa trela zenye relei inafanya kazi. Kwa anayelala kambini wikiendi na taa zake ni balbu za kizamani za waya, ningempa ushauri huo huo.

Nina mashaka mawili tu. La kwanza, umeme usiochujwa wa ile njia ya taa. Balbu ya kizamani haijali. Taa za LED zinacheza na baadhi zinakufa mapema, na bodi za friji za baadaye, zile za kuwasha gesi zenyewe, zinachanganyikiwa. Kuhakikisha ni rahisi: weka maltimita kwenye AC, yaani umeme wa aina ya ukutani (wa betri ni DC), na upime kwenye njia ya 12. Ukikuta volti kadhaa za AC hapo, jua hali halisi. La pili, relei za miaka hiyo, vidole vyake vya kugusanisha umeme vimeungua. Zinashika nusu, zinapata moto. Mtu akifuata njia yako, afungue boksi aikague relei kwa macho, na akiona plastiki imebadilika rangi aachane nayo.

Na kuna kosa nililoliona kwa watu waliofanya hivyo: wanasahau kuutenganisha waya wa kuchaji wa zamani, chaja mbili zinabishana kwenye betri moja, ile yenye akili inadhani betri imejaa na inalala.

---

#8 Mzee wa Waya

Nimekubali la relei. Niongeze: hata kwa konveta mpya, zile fyuzi kubwa mbili pembeni ya bodi, za ampea 30 au 40, ni za kulinda betri ikifungwa kichwa chini. Watu wanabadilisha konveta nzima kumbe fyuzi hizo ndizo zimekatika siku mtu alipobadilisha betri gizani. Zipimwe kwanza. Senti chache.

---

#9 Mkaa Njiani

Hilo ni la dhahabu, Mzee. Lisomwe kabla ya yote niliyoandika mimi.

---

#10 Kijana wa Moshono

Habari zenu. Niko Arusha, naigeuza Coaster ya zamani iwe ya kulala wageni wa porini. Binamu yangu yuko Texas, anataka kunitumia konveta iliyotumika ya ampea 45, karibu bure. Nipokee?

---

#11 Mkaa Njiani

Usipokee, mdogo wangu, isipokuwa kibandiko chake kimeandikwa wazi kwamba inakubali hadi volti 240. Nyingi za huku zimeandikwa volti 105 hadi 130. Wewe ukutani una 230 ya mizunguko 50. Ukiichomeka itakufa siku hiyo hiyo, na kutafuta transfoma ya kushusha hadi 120 yenye uwezo wa wati elfu moja ni gharama na uzito bila sababu.

Nunua chaja ya volti 230 yenye hatua za kuchaji, zinapatikana. Tena kwa kazi yako ya porini utachomeka ukutani mara chache. Chanzo chako kikubwa ni altaneta ya Coaster na sola. Kabla ya hilo angalia jambo moja: Coaster nyingi zina mfumo wa volti 24. Kama yako ni hiyo, unahitaji kifaa cha kuchaji cha DC kwenda DC kinachopokea 24 na kutoa 12. Usiibe 12 kwenye betri moja kati ya mbili za gari, utaziua zote. Na huko rangi ni zile za Kiingereza, kahawia laivu, buluu nyutro, kijani na njano ethi, kwa hiyo niliyosema juu kuhusu weusi na weupe yasikuchanganye.

---

#12 Bosi Lori

Swali la mwisho kwangu. Ampea ngapi? Na jenereta yangu ndogo inatosha? Nina betri mbili za maji, jumla ampea-saa 160 hivi. Baadaye nafikiria lithiamu.

---

#13 Mkaa Njiani

Betri za maji chaji karibu robo ya uwezo wake, kwa hiyo 160 inapenda kama ampea 40. Ongeza taa na feni ya hita zikiwa zinafanya kazi, unafika 45 hadi 55. Juu ya hapo unanunua jina. Ya ampea 55 ikifanya kazi kikamilifu inakula kama wati 1,000 kwenye jenereta, basi jenereta ya wati 2,000 inatosha, ila usiwashe maikrowevu pamoja nayo.

Kama lithiamu iko kwenye mpango, nunua sasa konveta yenye swichi ya kuchagua aina ya betri. Lithiamu ya aina inayotumika kwenye kempa inataka karibu 14.4 hadi 14.6, na haitaki kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri. Pia inavuta ampea nyingi kwa muda mrefu, kwa hiyo ule waya mwembamba utakaokusamehe kwenye betri ya maji hautakusamehe huko.

Ukija kuweka inveta, konveta iwe kwenye breka yake peke yake ya ampea 15, na uizime kila unapotumia inveta. Vinginevyo betri inaendesha inveta, inveta inaendesha konveta, konveta inachaji betri, na asubuhi betri imekwisha. Na popote utakapoiweka, isikae boksi moja na betri za maji. Zikichaji zinatoa haidrojeni, na konveta ina cheche na feni.

---

#14 Nesi wa Mikataba

Kaka, nimefungiwa konveta mpya na fundi wa matrela, nyaya mbili za chanya zimeunganishwa kama ulivyosema. Ila nikipima kwenye konveta nasoma 13.6, kwenye betri nasoma 12.3. Fundi anasema betri mbovu.

---

#15 Mkaa Njiani

Huenda betri ni mzima, dada. Volti 1.3 zinapotea njiani na tunaweza kujua ni wapi. Konveta ikiwa inachaji, weka maltimita kwenye DC. Ncha moja upande mmoja wa fyuzi au breka iliyo karibu na betri, ncha nyingine upande wa pili wa kitu hicho hicho. Nzima itasoma karibu sifuri. Kisha kati ya terminali hasi ya betri na chuma cha chasisi kilichokwaruzwa kikang'aa. Kisha kati ya chasisi na hasi ya konveta. Palipo na namba kubwa ndipo palipooza.

---

#16 Nesi wa Mikataba

Breka ndogo ya kwenye ulimi: 0.6. Hasi ya betri hadi chasisi: 0.3. Boliti ina kutu nzito.

---

#17 Mkaa Njiani

Badilisha hiyo breka, ni kitu cha bei ndogo, chukua ya ampea zile zile. Boliti fungua, kwaruza hadi chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, paka grisi juu. Toa hasi ya betri kabla hujaanza. Zilizobaki, kama 0.4, ni za waya wenyewe, na hizo utazimaliza ukibadilisha waya.

---

#18 Nesi wa Mikataba

Imefanyika. Betri inasoma 13.2 muda mfupi baada ya kuchomeka na inaendelea kupanda. Waya namba 6 nimeagiza. Unakata wapi, kabla au baada ya breka?

---

#19 Mkaa Njiani

Breka ibaki palepale karibu na betri, waya mpya uanzie upande wake wa konveta hadi kwenye konveta bila kiungo katikati. Hasi nayo ipeleke kwa namba 6 kutoka konveta hadi betri, usitegemee chasisi peke yake. Baada ya safari ya kwanza kaza tena skrubu zote za konveta, maana trela inatikisika na shaba inalegea.